Somo la Filamu na Sauti katika Shule za Sekondari, na Maneno Yake

Makala haya yana kusudi la kueleza mambo wanayojifunza vijana wa shule za sekondari wanaosomea utengenezaji wa filamu na sauti, na kuonyesha kwamba somo hili, ingawa aghalabu hudhaniwa kuwa ni somo la mashine, kwa sehemu kubwa ni somo la lugha. Nchini Kenya jambo hili linataka kufikiriwa mapema, kwa sababu mwezi wa Januari, 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na miongoni mwa masomo wanayoweza kuchagua limo la michezo ya kuigiza na filamu. Shule za sekondari za huko hufundisha kwa Kiingereza, lakini wahusika wengi ambao vijana hao watataka kuwaonyesha husema Kiswahili.

Kazi ya filamu ina sehemu tatu. Ya kwanza hutangulia kamera: hadithi hutungwa, mswada huandikwa, waigizaji huchaguliwa na mahali pa kuigizia hutazamwa. Ya pili ni kupiga picha na kunasa sauti. Ya tatu ni kuhariri, yaani kuchagua vipande, kuvikata na kuviunga mpaka viwe kisa kimoja. Mwanafunzi mgeni hupenda kukimbilia sehemu ya pili, akaziona nyingine mbili kuwa ni nyongeza tu. Mwalimu mwema humzuia, kwani mswada uliolegea hauponywi na kamera ya thamani.

Katika sehemu ya pili, sauti ndiyo hutesa wanaoanza. Jicho husamehe picha yenye giza kidogo, lakini sikio halisamehi maneno yasiyosikika. Hapa fizikia huja kusaidia. Mahali pa wazi, maikrofoni ikisogezwa hata umbali wake na msemaji ukawa nusu ya ule wa kwanza, nguvu ya sauti inayoifikia huwa mara nne. Kwa hiyo hatua moja ya miguu yaweza kufaa kuliko chombo kipya cha bei kubwa. Kadhalika mwanafunzi huelezwa kwa nini kibao hugongwa mbele ya kamera: picha na sauti zikinaswa katika vyombo mbalimbali, mgongo huo huonekana katika picha na kusikika katika sauti, na mhariri hupata mahali pa kuzilinganisha.

Sehemu ya tatu ndiyo yenye elimu ya kufaa hata kwa yule asiyekusudia kuwa mtengenezaji wa filamu. Nchini Urusi, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov alitafuta kujua nguvu ya kuunga picha. Yasimuliwa kwamba aliunga uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, mara na bakuli la supu, mara na jeneza, na watazamaji wakaona njaa katika uso ule, kisha huzuni. Somo ni kwamba maana haikai katika kipande kimoja peke yake. Huzaliwa pale viwili vinapokutana. Sauti nayo ni vivyo hivyo. Kiongozi akisema, "Nitajiuzulu ikiwa kosa litathibitishwa," mhariri asiye mwaminifu hukata baada ya neno la kwanza, na taifa zima likapewa habari ambayo haikusemwa. Kijana aliyewahi kukata sentensi kama hiyo kwa mkono wake darasani hataamini upesi kila anachoona katika simu.

Sasa tuje katika maneno. Neno "kipaza sauti" hutumiwa kwa vyombo viwili vyenye kazi za kupingana: kile kinachopokea sauti na kuigeuza umeme, na kile kinachopokea umeme na kuugeuza sauti. Katika mkutano wa hadhara msikilizaji hapati hasara. Katika chumba cha kunasia sauti hasara ipo, kwani viwili hivyo vikielekezana, sauti huzunguka baina yao na kutoa mlio mkali. Mwalimu atakayesema, "Ondoa kipaza sauti," atakuwa hajasema neno la kutosha. Ingefaa kushika "maikrofoni" kwa cha kwanza, "spika" kwa cha pili, na "kinasa sauti" kwa chombo kinachohifadhi. "Picha" nayo imebeba mzigo mkubwa, kwani ni mchoro, ni fotografia, na ni filamu nzima. Kwa picha moja iliyosimama, ambazo katika televisheni za nchi zetu huwa 25 kwa sekunde, "fremu" yafaa. Kwa kile kinachochukuliwa tangu kamera ianze mpaka isimame, lugha inalo neno "mkupuo", ambalo lingeweza kupewa kazi hiyo.

Jambo hili si la wapenda kamusi peke yao. Huko Vugiri, Tanganyika, baina ya 1935 na 1937, zilitengenezwa filamu za kufundishia Waafrika, na maneno yake yakatolewa katika santuri. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza katika "Muhogo Mchungu", filamu iliyotengenezwa na kampuni ya Afrika ya Kusini kwa ajili ya Serikali. Nyuso na ndimi zilikuwa za wenyeji, bali uamuzi wa kipi kionyeshwe na kipi kikatwe ulikuwa kwa wengine.

Leo kamera imo mfukoni mwa kijana, na mkasi umo mkononi mwake. Lakini akifikiri mswada kwa Kiingereza kisha akautafsiri kwa haraka ili waigizaji wauseme, maneno yatatoka vinywani mwao kama ya kuazima, na mtazamaji atalitambua jambo hilo hata asipoweza kulieleza. Walimu wa Kiswahili na walimu wa filamu, basi, wasiwe watu wa vyumba mbalimbali. Wakikaa pamoja kuusahihisha mswada kabla kamera haijafunguliwa, na kupatana juu ya maneno machache ya kazi, watakuwa wamempa mwanafunzi chombo ambacho hakinunuliwi dukani.