Je, Wajua? Nyumba Yenye Alama G
Uingereza, nyumba inayouzwa au kupangishwa kwa kawaida huhitaji cheti cha matumizi ya nishati, chenye ngazi kuanzia A ya kijani hadi G nyekundu. Cheti hudumu miaka 10. Mkaguzi huchungulia hadi darini, apime unene wa sufu inayozuia joto lisitoroke, kisha aangalie vioo vya madirisha na boila. Ajabu ni kwamba England alama hukokotolewa kwa makadirio ya gharama za nishati. Basi pampu ya joto, ingawa hutoa takriban uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, yaweza isiipandishe nyumba daraja, kwa kuwa umeme huko ni ghali kuliko gesi.