Chemirocha na Santuri za Kericho

Mkusanyiko wa nyimbo ulioachwa na Hugh Tracey ni kati ya mikubwa kabisa ya muziki wa Afrika, na ni mseto kwelikweli. Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, na huko nyimbo za Wakaranga zikamteka. Kufikia 1929 alikuwa amewapeleka waimbaji wao Johannesburg warekodiwe. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Mfululizo wake wa Sound of Africa pekee una santuri 210. Humo wanamuziki wa kasri ya Kabaka wa Buganda wako rafu moja na Mwenda Jean Bosco, mpiga gita aliyerekodiwa Jadotville, yaani Likasi ya sasa, mwaka 1952. Humo pia zimo sauti za wasichana wa Kikipsigis wa Kapkatet, kusini-magharibi ya Kericho.

Wimbo wa wasichana hao unaitwa "Chemirocha". Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo mwaka 1950. Ya tatu, iliyoongozwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wenzake, ndiyo iliyovuma kuliko zote. Ni wimbo mfupi. Chini yake chepkong inarudiarudia mdundo mmoja: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayoshikilia kijiti cha juu, na nyuzi zinazoteremka kutoka kijiti hicho hadi kwenye bakuli. Ni ndugu wa nyatiti ya Waluo na litungu ya Wabukusu. Juu ya mdundo huo kiongozi anatupa sauti, wenzake wanaidaka, na pumzi zao zinasikika waziwazi.

Chemirocha mwenyewe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyezaliwa Mississippi mwaka 1897, akafanya kazi kwenye reli, akaanza kurekodi mwaka 1927, na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Santuri zake ndizo zilizofika, pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na jina lake likatamkwa kwa ulimi wa Kikipsigis. Kwa maelezo aliyoandika Tracey, wasichana walimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu paa, wakimwalika acheze.

Wasikilizaji wengi wa ng'ambo wamelichukua jambo hili kama kichekesho cha watu wa kijijini walioshangazwa na mashine. Hilo ni kuwapunja wasichana wale. Wimbo wenyewe unaonyesha kitu kingine: vijana waliosikia sauti ngeni yenye gita na mlio wa kupanda na kushuka, wakaipa mwili, wakaiingiza katika mchezo wao na ala yao. Tena hakuna sababu ya kudhani kwamba waliamini kila walichokiimba. Nyimbo za utani zipo kila mahali, na vijana wa Kapkatet hawakuhitaji kufundishwa utani na mtu.

Kinachoufanya wimbo huu uweze kuzungumziwa hata leo ni kadi. Kwa kila rekodi Tracey aliandika lugha, mahali, tarehe, ala na majina ya waimbaji. Bila kadi hiyo Chemutoi Ketienya angekuwa sauti tu isiyo na mwenyewe.

Mkusanyiko wa pili wa eneo hili ni wa aina nyingine kabisa, kwa sababu ulitoka dukani. Mjini Kericho, A. P. Chandarana aliendesha duka na lebo zilizotoa santuri ndogo za 45, na soko lake lilikuwa mlangoni. Mashamba ya chai yalikuwa yamewaleta Waluo, Waluhya na Wakisii kuishi karibu na wenyeji Wakipsigis, kwa hiyo duka moja liliuza nyimbo za lugha nyingi kwa wateja waliosimama foleni moja. Benga, muziki wa gita wa Waluo, ilisambaa hivyo, na wapiga gita wa Kikipsigis wakaifanya yao. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et ni jina ambalo wazee wa Kericho na Bomet hawahitaji kukumbushwa.

Santuri ya 45 hubeba takriban dakika tatu upande mmoja. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za benga zilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gita la solo likiachiwa njia. Msikilizaji aliigeuza santuri na wachezaji wakasubiri. Ila karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri haisemi mengi: jina la wimbo, la mwimbaji au bendi, na namba. Mwaka mara nyingi haupo, na mpiga solo aliyeubeba wimbo wote hatajwi.

Rekodi za Tracey zimeanza kurudi nyumbani. Kuanzia mwaka 2014 ILAM, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilileta nakala Kenya na kuwatafuta waliorekodiwa au jamaa zao. Katika nchi ya Wakipsigis walipatikana wazee waliokuwa vijana mwaka 1950 na waliokuwa bado hai. Kadi ndizo zilizoelekeza njia: zilikuwa na majina na mahali pa kuanzia kuuliza.

Santuri za Kericho hazina njia kama hiyo. Ketebul ilisimulia historia ya benga mwaka 2008 katika kazi yake ya Retracing the Benga Rhythm, lakini santuri nyingi bado zimo majumbani, zimekwaruzwa na sindano butu na vumbi. Anayezihamisha kwenye kompyuta hana budi kunakili lebo, namba na lugha, kisha aende na nakala kwa wazee waliozicheza na kuuliza ni nani aliyepiga solo.