Je, Wajua? Vidirisha Vitupu Katika Hati ya PDF
Je, wajua ya kuwa vile vidirisha vitupu vitokeavyo katika hati ya PDF iliyotungwa na seva, mahali palipostahili herufi, wenye fani huviita "tofu", na kwamba jina la fonti za Noto latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tofu isiwepo"? Sababu yake, aghalabu, ni seva kukosa fonti. Dawa ni kuzisakinisha humo, kisha kuzipachika ndani ya hati yenyewe. Walakini khati ya Kiarabu, ambayo wazee wetu wa pwani waliandikia tenzi zao, yataka zaidi: programu isiyojua kuziunga herufi hulitoa jina la Hamad vipande vitatu vilivyotengana, pengine kinyumenyume, ijapokuwa fonti ipo.