FreeDOS: mfumo wa kale wa kompyuta ulioandikwa upya na watu wa kujitolea
Mwaka 1994, Microsoft ilipoashiria kuwa siku za mfumo wake wa MS-DOS zinakaribia kwisha, mwanafunzi wa fizikia nchini Marekani, Jim Hall, alitangaza nia ya kuunda mfumo mbadala wa bure. Yeye na wenzake wa kujitolea waliziandika upya amri zake, moja baada ya nyingine, bila kunakili msimbo wa kampuni hiyo. Ugumu ulikuwa hapo: programu za zamani zisitambue tofauti yoyote. Haishangazi kwamba toleo la 1.0 lilikamilika mwaka 2006, miaka 12 baadaye. Mwenye kiwanda ambaye mtambo wake huongozwa na programu ya DOS halazimiki kuutupa mtambo mzima. Naye aweza kuusoma msimbo wa FreeDOS na kuurekebisha.