Bomba la Moshi ni Sehemu ya Boila

Asubuhi za Januari, kwenye kuta za nyumba za London, Leicester au Glasgow, mawingu meupe hutoka katika midomo ya mabomba mafupi ya duara. Wengi waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki huyaona na kudhani boila zimeharibika. Sivyo. Huo ni mvuke uliokutana na baridi, nayo boila inayoutoa ni ya mtonesho, aina ambayo kanuni za majengo za England na Wales zimeitaka kwa karibu kila boila mpya ya gesi tangu Aprili 2005. Boila hizi hutumia gesi kidogo kuliko zile za zamani. Lakini ubora wake wote unategemea bomba ambalo mwenye nyumba halifikirii kabisa, na ambalo baadhi ya mafundi huliacha liwe jambo la mwisho.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Mita ya ujazo moja ikiungua hutoa maji ya takriban kilo moja na nusu yakiwa mvuke. Boila za zamani ziliutupa mvuke huo nje pamoja na joto lake. Boila ya mtonesho huupitisha moshi kwenye vyuma vilivyopozwa na maji yanayorudi kutoka kwenye vipasha joto vya vyumbani. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi, mvuke unageuka matone, jinsi mvuke wa wali unavyotona chini ya mfuniko wa sufuria, na joto lililokuwa limefichika ndani yake linarudi kupasha nyumba.

Faida hiyo ina masharti yake. Moshi uliopoa hauna tena nguvu ya kupanda dohani wenyewe, hivyo feni lazima iusukume. Tena moshi huo umelowa, na maji yake yana asidi, pH yake ikiwa kati ya 3 na 5. Maji ya namna hiyo hula chokaa na matofali ya dohani la kale. Ndiyo maana bomba la boila hizi hutengenezwa kwa plastiki ya polipropilini, alumini au chuma cha pua. Mara nyingi ni mabomba mawili, moja ndani ya jingine: la ndani la milimita 60 hutoa moshi, la nje la milimita 100 huvuta hewa safi. Kwa hiyo bomba hili lina kazi tatu kwa pamoja: kutoa moshi, kuingiza hewa na kurudisha maji. Anayelipanga kwa kazi ya kwanza tu amebakiza mbili.

Usanifu mzuri huanzia kwenye mdomo wa bomba, kisha hurudi ndani kutafuta mahali pa boila. Kanuni za England zinataka mdomo wa boila yenye feni uwe walau milimita 300 kutoka dirisha linalofunguka, milimita 600 kutoka ukuta unaoukabili, na milimita 1,200 kutoka mdomo mwingine unaotazamana nao. Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Moshi wa baridi hutanda, hulowesha kuta na kuingia kwa jirani, kwa hiyo fundi makini huangalia pia njia ya wapita njia na kona zisizo na upepo.

Kisha hesabu urefu. Feni ina uwezo wenye kikomo, na kila kona huula. Watengenezaji wengi huhesabu kona moja ya nyuzi 90 kuwa sawa na takriban mita moja ya bomba lililonyooka. Kikomo kikiwa mita 6 na njia ina kona mbili za namna hiyo, zimebaki mita 4. Kitabu cha boila husika ndicho chenye neno la mwisho, na vipande vya bomba viwe vile kilivyovitaja. Kuchanganya vipande vya watengenezaji mbalimbali ni kuunda mtambo ambao hakuna aliyeupima.

Mteremko ndio unaowakosesha mafundi waliozoea boila za zamani, ambako bomba liliinamishwa kuelekea nje. Hapa bomba linainama kuelekea boila, kwa kawaida nyuzi 3, yaani milimita 52 kwa kila mita. Bomba la mita 4 linahitaji kushuka zaidi ya sentimita 20. Nafasi hiyo isipotafutwa kwenye karatasi, dari litamlazimisha fundi kulilaza bomba, maji yatatuama, na feni itahangaika kuusukuma moshi juu yake.

Viungo navyo ndivyo vyenye kuamua uhai. Bomba likatwe kwa pembemraba, kingo zilainishwe kwa tupa, mpira wa kuzibia ukae sawasawa, na vishikizo viwekwe ili uzito usining'inie kwenye kiungo. Mwaka 2008 mtu alifariki Uingereza kwa sumu ya kaboni monoksaidi baada ya bomba lililofichwa darini kuachana. Tangu Januari 2013 mwongozo wa huko umetaka mabomba yaliyofichwa yawe na milango ya ukaguzi ya milimita 300 kwa 300, isiyozidi mita 1.5 kutoka kwa kiungo chochote. Kiungo kisichoonekana hakikaguliki.

Maji yaliyokusanyika nayo yanataka njia. Desemba 2010 baridi kali iligandisha mirija ya kutolea maji hayo nje ya nyumba nyingi za Uingereza, boila zikajizima wakati watu wanazihitaji kupita kiasi. Mrija upite ndani ya nyumba kadiri inavyowezekana. Ukilazimika kutoka nje, uwe mfupi, mpana, wenye mteremko na uliofunikwa dhidi ya baridi.

Kazi ikiisha, ithibitishwe kwa kipimo. Fundi hupima hewa inayoingia kupitia bomba la nje: oksijeni isipungue asilimia 20.6, kaboni dayoksaidi isifike asilimia 0.2. Viwango hivyo vikivunjwa, moshi unavuja kutoka bomba la ndani na boila inavuta moshi wake yenyewe. Kisha hupima moshi wenyewe, ambapo uwiano wa kaboni monoksaidi kwa kaboni dayoksaidi haupaswi kuzidi 0.004.

Kwa wewe unayepanga au kununua nyumba huko, mambo haya yako mikononi mwako pia. Mwombe fundi kadi yake ya Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi. Ukiwa mpangaji, mwenye nyumba wako anatakiwa kisheria kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila mwaka na kukupa hati. Chumba chenye boila kiwe na king'ora cha kaboni monoksaidi, kwa kuwa gesi hiyo haina harufu wala rangi. Na kabla ya kukubali bei ya boila mpya, muulize fundi bomba litatokea wapi, urefu wake na kona zake ni kiasi gani, viungo vitakaguliwaje, na maji yatakwenda wapi. Asiyeweza kujibu maswali hayo manne bado hajasanifu kitu, usimkabidhi kazi.