Maua yanayojipanda yenyewe: bustani ya Hola na Garsen haihitaji asumini

Ukipita mitaa ya Hola au Garsen utaiona mikebe barazani: udongo umepasuka kwa ukavu, katikati kimesimama kijiti. Mara nyingi kijiti hicho kilikuwa asumini au waridi, kikaletwa kwa basi kutoka Malindi au Mombasa. Mwezi wa kwanza kilimwagiliwa kila jioni. Kisha mfereji ukakauka, mtungi wa lita 20 ukawa wa kupikia na kuogeshea watoto, na ua likasahauliwa. Nani angefanya vingine?

Wenyewe husema, "Huku maua hayamei." Sikubaliani nao. Yanamea, ila tunang'ang'ania maua ya mahali pengine. Mvua ya Hola kwa mwaka haifiki nusu ya ile ya Mombasa, nayo huja kwa misimu miwili mifupi, na katikati ni jua tupu. Mmea unaotaka kunyweshwa miezi 12 hapo ni mzigo. Lakini yapo maua yaliyozoea kuishi haraka: huota mvua inapoanza, huchanua baada ya wiki chache, hudondosha mbegu, hufa. Mbegu hukaa mchangani miezi yote ya kiangazi bila kuomba tone la maji, kisha mvua ikirudi huota zenyewe. Kazi yako ni kumwagilia wiki chache za mwanzo, basi.

La kwanza ni zinia, lenye asili ya Mexico. Halina haja ya kitalu. Lizike pale pale unapotaka likae, kina cha ukucha, na kwenye udongo wenye joto huchomoza ndani ya wiki moja. Maji yamwage chini, usiyarushe juu ya majani, maana majani yakilowa mara kwa mara hushikwa na magonjwa.

Potulaka ni dogo, linatambaa, majani yake manene kama vijiti vya kijani yamejaa maji. Hufunguka jua likiwaka na kujifunga wingu likitanda. Mbegu zake ni laini kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo ukizifukia umeziua. Zinyunyize juu ya mchanga, zikandamize kwa kiganja, uziache.

Kwa mwenye majirani wafugaji, mimi ningeanza na vinka. Ni lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano na doa katikati, linaloota hata kwenye nyufa za kuta huku Pwani. Asili yake ni Madagaska, joto halilitishi, na linaweza kuishi zaidi ya msimu mmoja. Majani yake ni machungu na yana sumu, hivyo kwa kawaida mbuzi hupita bila kuyagusa. Sumu hiyo hiyo ndiyo chanzo cha dawa mbili za hospitali, vinkristini na vinblastini, zinazotibu aina kadhaa za saratani, ikiwemo ya damu kwa watoto. Hiyo si ruhusa ya kuchemsha majani nyumbani. Dawa hizo hupimwa kwa uangalifu mkubwa, na chai ya vinka inaweza kukudhuru. Kinachoiua vinka yenyewe ni maji mengi: mizizi huoza.

Sasa tuje kwa adui mkubwa wa maua haya, naye si jua. Ni ufagio. Sisi tumelelewa kufagia uwanja kila alfajiri mpaka mchanga uonyeshe mistari ya chelewa, na pamoja na majani makavu tunazoa mbegu zote zilizodondoka jana. Vimche vikichomoza tunaving'oa tukidhani ni magugu. Sisemi uache kufagia. Uwanja wenye takataka hukaribisha nyoka. Chagua kona moja, izungushie mawe, uwaambie watoto kwamba ufagio unaishia hapo. Juu yake weka matawi ya miiba, la sivyo kuku watafukua kila kitu asubuhi moja. Kona nzuri kuliko zote ni pale yanapomwagika maji ya udhu, kwa kuwa hayana sabuni na hupatikana mara tano kwa siku.

Ukinunua mbegu za pakiti, soma maandishi. Zikiwa ni chotara, yaani F1, msimu wa kwanza utapendeza, lakini watoto wake hawatafanana na mama. Afadhali kumwomba jirani vichwa vilivyokauka vya zinia yake.

Kuna atakayeuliza: kitu kinachojipanda chenyewe si ndicho kilichotuletea mathenge? Swali la haki kabisa. Mathenge ililetwa Bamburi mwaka 1973 kufufua ardhi ya machimbo, baadaye ikapandwa Bura, na leo imefunga malisho na njia za mifugo Tana River. Tofauti ni kwamba mathenge ina mizizi mirefu, miiba, na maganda matamu ambayo mifugo huyala na kuzisambaza mbegu kwa kinyesi. Zinia unaing'oa kwa vidole viwili. Hata hivyo usitupe mabaki ya bustani yako mtoni wala malishoni, na lantana usiipande kabisa hata ukipewa bure.

Wakati wa kuanza ni mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba, kabla ya vuli. Mwagilia kidogo kila jioni hadi mmea uwe na majani sita hivi, kisha ruka siku moja, halafu mbili. Maua ya kwanza yakinyauka usiyakate. Yaache yakauke juu ya shina, yadondoke yenyewe, na usishtuke kuiona kona ile ikiwa tupu mwezi wa pili. Mbegu zimo humo mchangani.