Kazi Niliijua, Cheti Sikuwa Nacho



Nimeombwa niandike juu ya masomo. Wenzangu wa kiwandani watacheka, maana wanajua shule niliiacha darasa la tano. Lakini naona yafaa niandike, kwa sababu wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mliachia hapo hapo au karibu na hapo.

Niliacha shule mwaka 1979, mwaka wa vita vilivyomwondoa Idi Amin. Shule yetu ilifungwa, na ilipofunguliwa tena baba hakuwa na fedha ya karo. Wakati ule mashamba mengi ya chai ya magharibi mwa Uganda yalikuwa yamegeuka msitu. Mwaka 1972 nchi ilitoa zaidi ya tani 20,000 za chai. Mwaka 1980 haikufikia hata tani 2,000. Mche wa chai usipochumwa wala kupogolewa hukua ukawa mti. Mashamba yalipoanza kufufuliwa katika miaka ya 1980, sisi vijana tuliandikwa kwanza kukata miti hiyo, kisha kuchuma. Mimi niliandikwa mwaka 1988. Kambini tulikuwa watu wa Toro, wa Kigezi, wa West Nile, na wengine waliotoka Rwanda na Kongo. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuelewana.

KILO 52

Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Majani hupimwa, karani huandika. Kikapu kina uzito wake, na majani yaliyonyeshewa yana maji, kwa hiyo karani hukata kidogo. Kukata huko si wizi, ikiwa kiasi kimekubaliwa. Lakini kiasi gani kilikubaliwa? Mimi sikujua, wala sikuuliza. Nilitia kidole gumba kwenye kitabu chake ingawa jina langu nilijua kuliandika, kwa sababu kila mtu alifanya hivyo na foleni ilikuwa ndefu.

Jirani yangu kambini, mama mmoja mchumaji, alikuwa akienda kisomo cha watu wazima jioni. Tulimcheka. Tulimwita "Profesa". Tulimwuliza kama chai huchumwa kwa kalamu. Yeye hakujibu. Alinunua daftari, na kila alipopima aliandika tarehe na kilo alizoziona mwenyewe kwenye mizani.

Mwisho wa mwezi mmoja wa mwaka 1993 alilinganisha daftari lake na karatasi ya mshahara. Kiasi kilichokubaliwa alikuwa amekiondoa mwenyewe, na bado zilipungua kilo 52. Akakaa chini akapiga hesabu. Tulikuwa tukipima mara mbili kwa siku, na mwezi ule tulifanya kazi siku 26. Mara mbili siku 26 ni 52. Maana yake kila tulipopima ilikatwa kilo moja zaidi ya iliyokubaliwa. Alipeleka daftari kwa mwakilishi wa chama, na mwakilishi akalipeleka kwa meneja. Meneja alitazama tarehe zote, akaona hakuna la kubisha. Tulirudishiwa fedha sote tuliokuwa tukipima kwa karani yule.

Lakini tulirudishiwa ya mwezi ule tu. Ya miezi iliyotangulia hatukupata hata senti, maana hakuna mtu aliyekuwa ameiandika. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi methali ile nilikuwa nimeisikia tangu utoto, nikidhani inawahusu wenye maduka.

Juma lililofuata nilikwenda kisomoni. Tulifika wanaume watatu, na Profesa akatusogezea benchi bila kusema neno.

MZEE NA BISIBISI YAKE

Mwaka 1994 nilihamishiwa kiwandani. Majani yakifika pale hunyaushwa, kisha hupita katikati ya rola zenye meno yakasagwa, huachwa yageuke rangi, hukaushwa kwa joto la kuni, ndipo huchekechwa na kutiwa mifukoni. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Majani yaliyokwisha kusagwa hayangoji mtu. Mashine ikisimama njiani, chai inaharibika.

Nilipewa kazi ya kutia grisi, chini ya mzee mmoja ambaye hakuwa amekanyaga darasa lolote. Mzee yule aliweka ncha ya bisibisi juu ya beringi na mpini wake sikioni, akafumba macho. Beringi nzima inavuma sawasawa. Iliyochoka inakwaruza. Aliweza kusema, "Hii itafika Jumamosi, ile haifiki kesho," na ilikuwa hivyo. Kwa muda wa miaka saba alinifundisha kusikiliza, kukaza mkanda bila kuuvunja, na kutoingiza mkono popote kabla sijaona kwa macho yangu kwamba umeme umekatwa.

Kwenye vitabu vya kampuni mzee huyo aliandikwa "msaidizi". Aliandikwa hivyo siku ya kwanza na akabaki hivyo hadi siku ya mwisho. Alikuja kijana mwenye cheti cha chuo cha ufundi akawekwa juu yake, na kila mashine ilipogoma kijana huyo alimwita mzee. Sitaki kumsema vibaya. Hakuwa na majivuno, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mchoro wa mashine, jambo ambalo mzee hakulijua. Lakini mzee alipoondoka kazini mwaka 2001, malipo yake ya mwisho yalihesabiwa kwa mshahara wa msaidizi. Kampuni haikuvunja mkataba. Ilifuata yaliyoandikwa, na yaliyoandikwa hayakusema kwamba alikuwa fundi.

Siku ile alinipa bisibisi yake akaniambia, "Mwanangu, tafuta karatasi."

MTIHANI

Uganda ilikuwa na sheria ya mafunzo ya viwandani tangu mwaka 1972. Mtu aliyejifunza ufundi kazini, bila chuo, aliweza kujiandikisha kwa mtihani wa ufundi, kuanzia daraja la tatu na kupanda hadi la kwanza. Mwakilishi wa chama ndiye aliyenieleza. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka minane kiwandani bila kujua kwamba mlango huo upo.

Nilijaribu mwaka 2002. Kwa mikono sikuona taabu. Kwa maandishi nilianguka. Karatasi ilionyesha picha ya chombo ninachokishika kila siku, ikauliza jina lake kwa Kiingereza na kazi yake. Kazi yake niliijua tangu zamani. Jina nililolijua ni lile la kiwandani, ambalo halimo katika kitabu chochote. Nilirudi nyumbani nikasema sitajaribu tena.

Binti yangu wa kwanza alikuwa ameanza shule mwaka 1997, mwaka ule serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, mwanzoni kwa watoto wanne wa kila familia. Mwaka 2002 alikuwa darasa la sita, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akaniambia, "Baba, nitajie vyombo vyote vya kiwandani." Nilichora, tukamwomba yule kijana wa chuo atuandikie majina, naye binti akawa ananiuliza maneno kumi kila jioni. Nilikuwa naona haya. Baba anakaa kwenye kigoda, mtoto anamsahihisha. Siku za kwanza nilifunga mlango ili majirani wasione. Baadaye niliuacha wazi, na wenzangu wawili wakaja kusikiliza.

Mwaka 2004 nilirudia mtihani nikafaulu daraja la tatu.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Nilipeleka cheti ofisini nikaambiwa, "Vizuri, lakini nafasi haipo." Nikaendelea kulipwa kama msaidizi, cheti kikiwa sandukuni. Chama ndicho kilichofungua mkataba wa pamoja, kikaonyesha sehemu inayosema kwamba afanyaye kazi ya fundi na kuwa na cheti alipwe kwa daraja lake. Ilichukua miezi sita na vikao vitatu. Mwaka 2005 nililipwa kama fundi kwa mara ya kwanza. Mzee wangu alikuwa na ufundi kuliko mimi, lakini cheti hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho, na bado nisingelipwa bila chama.

KWA NINI NASEMA HAYA LEO

Kuna watu wanaodharau ufundi wa mikono, wakisema elimu ni ya wenye tai. Chuo cha Makerere, kinachosifiwa Afrika nzima, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa hiyo anayejifunza spana asijione mdogo.

Tena wakati umebadilika. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, Kenya na Uganda pia. Mashine moja inachukua kazi ya mikono mingi, na wachumaji wengi, hasa akina mama, wana hofu ya haki. Chama kinapigania wasitupwe nje. Lakini mashine hiyo nayo ina beringi, ina mkanda, ina visu vya kunolewa. Mtu fulani ataiendesha, mtu fulani ataitengeneza. Kama hatudai sasa kwamba wachumaji waliopo ndio wafundishwe kwanza, wataletwa wengine.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kwanza, andika mwenyewe kilo zako au saa zako kila siku. Pili, kama kuna mtu kazini kwako anayejua kitu usichokijua, mwombe akufundishe, awe mzee au mtoto. Tatu, uliza ofisi ya chama chako ni wapi siku hizi mfanyakazi anapimwa ufundi alioupata kazini, maana taratibu hubadilika. Nne, mkutano wa kuandaa mkataba mpya ukiitishwa, simama udai sehemu ya mafunzo iandikwe: nani atafundishwa, kwa muda gani, na atalipwa daraja gani akimaliza.

Mimi karibu nastaafu. Binti yangu sasa ni mwalimu. Bisibisi ya mzee bado ninayo, na kuna kijana wa kutia grisi ninayemfundisha kuitumia. Nimemwambia nitampa siku atakayoniletea cheti. Amekwisha kujiandikisha.

Mfanyakazi wa kiwanda cha chai, Uganda Magharibi